Hesabu za Waliokwenda Kutembea

Khitma ya Thuweiba ilisomwa Mji Mkongwe, ghorofani kwa dada yake, na yeye mwenyewe alikuwa keshazikwa Maskati. Nilikaa mwisho wa chumba, karibu na dirisha, nyuma ya wanawake walioshika juzuu zao, na kila aliyekuja kukaa ubavuni mwangu aliniuliza kwa sauti ya chini marehemu alikuwa nani kwangu. Nilijibu, "Tulisomesha pamoja," wakatikisa vichwa na kurudi kwenye juzuu zao. Ningeweza kusema zaidi, lakini mimi si mtu wa kumwaga habari zangu mbele ya watu nisiowajua, na kwenye khitma kila mtu hutaka kuonyesha kuwa alikuwa karibu na maiti kuliko mwenzake. Watu walipoanza kuondoka, Asya, dada yake, alikuja na kikombe cha kahawa, akaniinamia. "Rukia, labda wewe utajua. Mwisho mwisho, alipozidiwa, alikuwa kila akizinduka anauliza kama kaa washatoka. Mumewe kaniambia hivyo kwenye simu. Kule wamefikiri ni dawa zimempanda kichwani. Kaa gani hao?" Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, kwenye nyumba ya msiba, hata bibi mmoja aliyekuwa anatafuta viatu vyake akanikata jicho. Halafu kicheko kikageuka, nikajifunika uso kwa buibui langu, na Asya akanishika bega bila kuelewa lolote. Nilimwambia nitamweleza siku nyingine. Sikumweleza mpaka leo, ndiyo maana nakaa kuandika.

Habari za kwetu Kikwajuni, za baba na mama na nani alimzaa nani, naziacha, hazina kazi hapa. Mwaka ninaousema ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi na Thuweiba ndiyo kwanza tumetoka chuo cha ualimu, wasichana wawili wa mjini tuliozoea maji ya mfereji na urojo wa jioni, tukapangiwa skuli moja ya kijiji cha kusini, njia ya Makunduchi. Skuli haikuwa na nyumba za walimu, tukapewa chumba kwa Bi Mize, bibi mwembamba mwenye macho makali, aliyekaa na mkwe wake Pili na mjukuu wake Mwatima. Mwanawe Bi Mize, baba yake Mwatima, alikwenda Tanga kutafuta kazi mtoto akiwa bado anatambaa, na alikuwa hajarudi. Nyumba ilikuwa ya mawe na chokaa, paa la makuti, na kuta za ndani hazikufika juu. Ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, kwa hiyo mtu akikohoa chumba kimoja, vyumba vyote vinampa pole. Kitanda chetu kilikuwa kimoja, cha kamba, chembamba, tukalala mzungu wa nne, miguu yake karibu na uso wangu na yangu karibu na wake. Thuweiba alikuwa na miguu ya baridi hata wakati wa kaskazi. Nililalamika kila usiku juu ya miguu ile. Sasa hivi ningetoa kitu kikubwa niilalamikie tena.

Darasa la kwanza tulipewa sote wawili, kwa sababu watoto walikuwa wengi na chumba kimoja. Walikaa chini kwenye majamvi, wamebanana, wakubwa nyuma na wadogo mbele. Kujumlisha walikuwa wanajua. Mtoto wa pwani anajumlisha tangu hajaanza skuli. Anaokota chaza, anaongeza, anaokota tena. Kasheshe ilikuwa kutoa. Niliandika ubaoni saba, nikaandika alama ya kutoa, nikaandika tatu, wakaniangalia kama ninayewaonyesha picha ya mtu wasiyemjua. Niligawa vijiti. Vijiti vikawa mapanga, vikawa fimbo za ng'ombe, kimoja kikaingia puani mwa mtoto ikabidi tumkimbize kwa daktari. Mimi nilikuwa na chaki na bakora. Thuweiba alikuwa na mdomo, na mdomo wake ulishinda. Siku moja aliniambia, "Hebu kaa wewe, nipishe," akavua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kutembea mbele ya darasa kifua mbele na shingo inakwenda na kurudi. Akawa kuku. Nakwambia, hakuwa mtu anayeiga kuku, alikuwa kuku. Watoto wakaanguka kwa kucheka. "Mie kuku wa Bi Mize," akasema, "nna vifaranga wanane. Kaja kunguru, kachukua watatu. Nimebaki na wangapi?" Darasa zima likapiga kelele: watano! Mara ile ile, bila ubao wala vijiti. Nilikaa kwenye kiti changu cha mguu mmoja mbovu nikaona wivu, kisha nikaona raha, na raha ikazidi.

Aliyebaki kimya alikuwa Mwatima. Alikaa mstari wa nyuma na wakubwa kwa sababu alikuwa anarudia darasa. Mwaka uliotangulia alishindwa kutoa, na kanuni ya skuli ilikuwa asiyejua kujumlisha na kutoa havuki. Thuweiba akamwendea, bado kuku, akachutama mbele yake. "Eti, Mwatima. Wamebaki wangapi?" "Wanane," akasema. "Wanane vipi, na kunguru keshachukua watatu?" Mwatima akamtazama bila wasiwasi. "Hao watatu si wako kwa kunguru?" Wenzake wakacheka. Mimi nilishaanza kuinuka, maana nilidhani anatufanyia jeuri, lakini Thuweiba alinipungia mkono nikae. Alibaki amechutama pale, anamwangalia yule mtoto kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

Jawabu tulilipata jioni ile, kwenye mkeka, na nililipata mimi kwa ujinga wangu. Pili alikuwa amechelewa pwani. Kilimo cha mwani kilikuwa ndiyo kwanza kimeingia, na maji yakitoka wanawake wote walikuwa huko wamejiinamia, wanafunga mbegu kwenye kamba. Bi Mize alitupakulia muhogo wa nazi na changu wa kukaanga, na kama kila siku, alianza kwa kujaza bakuli moja la udongo, akalifunikia kawa, akaliweka kwenye kibao cha ukutani. Lilikuwa la mwanawe aliye Tanga. Asubuhi bakuli lile lilishushwa akapewa mtoto au paka, na usiku likajazwa tena. Mimi nikataka kusaidia kugawa samaki, nikasema, "Bi Mize, leo hapa tumebaki wanne, kwa hiyo..." Hakuniacha nimalize. "Usihesabu waliobaki!" Sauti yake ilikuwa kali hata Mwatima akaacha kutafuna. Kisha akajirudi, akasema polepole, kwa sababu tulikuwa wageni na walimu: "Hapa kwetu, mwanangu, mtu akiwa safarini, waliobaki hawahesabiwi. Gawa tu. Ukishawahesabu, ushamkatia tamaa." Nikasema, "Nsamehe, Bi Mize, nlikuwa sijui." "Nshakusamehe. Kula." Mjini kwetu tulijua kuwa nyumba haifagiwi siku mtu anapoondoka, lakini hili la kutohesabu sikuwahi kulisikia, na tangu hapo sijalisikia kwingine.

Tulipoingia chumbani Thuweiba aliniminya kidole cha mguu mpaka nikapiga yowe. "Ruki! Umesikia? Yule mtoto si mzito hata kidogo. Anajua kutoa kuliko sote. Hataki tu kumpoteza mtu." Nikamwambia asiseme kwa sauti, kuta hazifiki juu. Na kweli kuta hazikufika, maana muda si muda tulimsikia Pili amerudi, anaosha miguu, na Bi Mize anamwuliza mwani umekamataje. Halafu Pili akasema, na sauti yake haikuwa ya ubaya, ilikuwa ya mtu aliyechoka: "Mama, mie mtoto huyu akikwama tena mwaka huu, nnamchukua. Atakuja pwani na mie. Mikono yangu miwili haitoshi. Wenzangu wote wanakuja na binti zao." "Walimu wa safari hii wazuri," akasema Bi Mize. "Wangoje." Nilijua Thuweiba hajalala kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinacheza.

Jumatatu aliingia darasani na kaa. Hakuwabeba, watoto wenyewe ndio walikuwa kaa. Aliwatoa watoto tisa mbele, akawaambia watembee upande upande, mikono juu kama magando, na akachora ardhini kwa chaki mashimo. "Kaa tisa wanacheza pwani. Kapita mtoto anakimbia, kaa wanne wamengia mashimoni. Nje wamebaki wangapi?" Nilimtazama Mwatima. Alitazama mashimo kwanza, akahakikisha wanne wako salama ndani, ndipo akatazama walio nje. "Watano," akasema. Thuweiba hakumsifu, alikuwa na akili kuliko hivyo. Alisema tu, "Na mtoto keshapita. Sasa?" Mwatima akasimama, hakujizuia: "Sasa wanatoka!" Wale wanne wakatoka mashimoni kwa vishindo, wakawa tisa tena, na darasa likapiga makofi kama harusini.

Tangu siku ile hakuna mnyama aliyeliwa kwenye hesabu zetu. Kima punju walikwenda kutembea kwa shangazi yao Jozani, mbuzi wakaenda kuangalia mpira, paka wa Darajani wakajificha uvunguni mwa meza ya samaki. Kila aliyeondoka tulimjua yuko wapi, na kila hesabu iliisha kwa wote kurudi nyumbani kula. Mwalimu Haji, mwalimu mkuu wetu, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuja siku moja kwa ajili ya makelele, akamkuta mmoja wa walimu wake yuko chini ya meza anabweka. Nilikuwa mimi. Nilikuwa mbwa aliyekwenda kujificha mvua. "Walimu," akasema, "kitabu hakisemi warudi. Mnapoteza muda." Thuweiba akamjibu kwa heshima zake zote, "Mwalimu, wakirudi ndiyo wanajumlisha. Tunawafundisha mbili kwa mpigo." Akafikiri, akajikuna chini ya kofia, akasema basi tupunguze kubweka. Na ilikuwa kweli. Watoto walishika kutoa na kujumlisha pamoja, kama mlango unaofunguka na kufungwa, na Mwatima akawa wa kwanza kunyanyua mkono. Nyumbani alikuwa akituhesabia kila kitu, vyombo, viatu, mapapai. Watu waliobaki tu ndio hakuwahesabu, na sisi hatukumuuliza.

Nimesomesha miaka mingi baada ya pale, kwenye skuli zenye madawati na ramani, na sikuwahi tena kuwa na furaha ya namna ile. Naisema wazi kwa sababu wakati ule sikuisema kwa mtu yeyote, na hasa sikumwambia yeye. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na mkate wa kumimina tukibishana leo twende na mnyama gani. Alikuwa na tabia ya kunihukumu. "Pweza hafai, Ruki, ana mikono mingi, watahesabu mikono." Au, "Punda wako hana adabu." Nami nilimwambia kuku wake kazeeka, amstaafishe. Wakati wa mapumziko tulikaa nyuma ya skuli kwenye kivuli cha ukuta, tunakula embe kwa chumvi, na mara nyingine Mwatima alikuja akakaa karibu bila kusema kitu, akasubiri kokwa. Sikujua kuwa hayo ndiyo maisha. Nilidhani ni maandalizi ya kitu kingine kitakachokuja.

Kilichokuja ni mjomba wake Thuweiba, katikati ya mwaka, kwa gari jeupe lililozungukwa na watoto wa kijiji kizima. Alikaa kwenye ukumbi wa Bi Mize, akapewa dafu, akazungumza habari za mvua, na alipoondoka Thuweiba aliingia chumbani akakaa kitandani. Ndoa ilikuwa imeshapangwa, na binamu yake aliyekuwa Maskati, kijana mwema, mwenye kazi. Alikuwa akijua tangu zamani kuwa itakuja, na mimi nilikuwa nikijua, ila sote tulifanya kama iko mbali. "Wanataka niende mwezi ujao," akasema. Nikaendelea kukunja nguo. "Ruki, unaonaje?" Nikamjibu, "Mie nnaona nini? Ndoa si yangu. Hongera." Akaishika ncha ya nguo niliyokuwa naikunja. "Wewe hunambii kitu?" "Nshakwambia. Hongera." Nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu siku zote inanifunga mdomo badala ya kuufungua. Nilitaka kumwambia: subiri mwaka umalizike, subiri mtihani wa Mwatima, subiri mimi. Labda asingeweza kusubiri hata ningesema. Pengine wakubwa wake wasingesikia. Lakini aliniuliza mara mbili, na mtu anayeuliza mara mbili anataka kushikwa mkono. Nimelikumbuka swali lile nikiwa jikoni, nikiwa barabarani, nikiwa naswali, Mungu anisamehe.

Siku ya mwisho aliwaaga watoto kwa njia yake. "Kulikuwa na paka wawili wa mjini," akawaambia, "wanalala kitanda kimoja. Mmoja miguu yake baridi, mwenzake hapendi." Watoto wakanigeukia mimi wakacheka, maana mambo yetu yote walikuwa wanayajua. "Basi yule wa miguu baridi kapata safari. Anakwenda kutembea, mbali, ng'ambo." Hapo akasita, na mimi nilimjua, nilijua kuwa swali lilikuwa linamngoja mdomoni, lile swali la hesabu zetu zote, na alikuwa hawezi kuliuliza. Mwatima ndiye aliyeuliza, lakini aliuliza la kwake. "Atarudi?" Thuweiba akasema, "Atarudi, inshaallah." Simlaumu. Aliamini. Na kila hesabu tuliyowafundisha iliisha hivyo, angewaambia nini kingine? Alipoondoka, Bi Mize hakufagia nyumba mpaka kesho yake, na wakati wa chakula nikaona mabakuli yaliyofunikwa kawa kwenye kibao cha ukutani ni mawili.

Nilijaribu kuendelea peke yangu. Nikawa kuku, nikawa kima. Watoto walinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyevaa nguo ya mwenzake. Wengi waliendelea, hesabu zilikuwa zimeshawaingia. Mwatima alirudi kule alikokuwa. Kujumlisha alijibu, nikimwambia kaa wameingia mashimoni, aliweka mikono magotini akanyamaza. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamkalisha jioni ukumbini na makombe ya chaza mpaka Pili akaniambia, "Mwalimu, mwachie apumzike." Nilidhani amesahau. Ndivyo nilivyojiambia, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kufikiri.

Mtihani wa darasa la kwanza ulikuwa wa mdomo. Mwalimu Haji alikaa mezani, mimi pembeni yake, na watoto wakaja mmoja mmoja wakasimama mikono nyuma. Kila mtu alimjua Mwatima, kila mtu alijua mama yake kasema nini. Kijijini hakuna kuta zinazofika juu. Alijibu za kujumlisha zote. Kwenye za kutoa akakaa kimya, moja, nyingine, nyingine. Mwalimu Haji alivua miwani akaifuta. Alikuwa anataka kumvusha, nilimwona anavyohangaika kutafuta swali jepesi kuliko yote duniani, swali ambalo mtoto hawezi kulikosa. Na akalipata. Uso wake ukafunguka. "Haya mwanangu, sikiliza. Hapa skuli walikuwako walimu wawili, Mwalimu Rukia na Mwalimu Thuweiba. Mwalimu Thuweiba kaondoka. Kabaki mwalimu mmoja, au wangapi? Hebu nambie wewe, wamebaki wangapi?" Karibu alishampa jibu. Alikuwa amelipakua, amelipuliza, lilibaki kumezwa tu. Mwatima hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Midomo yake ilikuwa imekazwa, na macho yake yalikuwa yananiomba kitu.

Pale nilielewa. Ningeweza kumgeukia Mwalimu Haji nikamwambia: swali hilo kwao haliulizwi, mwulize la mapapai. Alikuwa mtu wa kusini mwenyewe, ingawa si wa kijiji kile, angenisikiliza. Lakini sikumgeukia. Na mimi pia sikutaka kulisikia jibu lile likisemwa kwa sauti kwenye chumba kile. Tukatazamana, mimi na mtoto wa miaka minane, wote wawili tumefunga midomo kwa ajili ya mtu mmoja, na Mwalimu Haji akasubiri, akasubiri, kisha akaandika. "Masikini," aliniambia Mwalimu Haji, Mwatima alipokwisha kutoka. "Mbili kutoa moja." Siku skuli zilipofunguliwa tena nilimwona asubuhi akipita nyuma ya mama yake, kamba za mwani begani, kanga imefungwa kama ya mtu mzima. Alinisalimu, "Shikamoo Mwalimu," nikamwitikia. Mwaka uliofuata nilihamishiwa mjini, na sikwenda tena kule. Kila nikitaka kwenda nilipata sababu, na mimi ni hodari wa sababu.

Wiki ile ya khitma nilikwenda. Ilibidi mtu ampelekee habari, na mtu huyo hakuwa mwingine. Barabara sasa ni ya lami mpaka mlangoni kwao. Bi Mize alikuwa ameshafariki, Pili alikuwa kwa ndugu zake, na nyumba ilikuwa imeezekwa mabati, lakini kuta za ndani ziliachwa vile vile. Mwatima nilimkuta uani, mwanamke mrefu, mikono imechanika kwa chumvi, anaanua mwani kwenye majamvi. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Akaniketisha, akaniletea maji, akamwita binti yake anishike mkono. Alikuwa wa umri ule ule aliokuwa nao mama yake siku zile, amejipangia makombe chini na anayaficha mengine kwenye vishimo vya mchanga. "Anasoma darasa la kwanza," Mwatima akasema. "Kutoa anajua sana." Ndani, kupitia mlango, nilikiona kibao cha ukutani na mabakuli mawili yaliyofunikwa kawa.

"Mwatima," nikasema, "nimekuja na habari. Mwalimu Thuweiba katutoka. Kazikwa huko huko Maskati." Akasema, "Innalillahi wainna ilayhi rajiun," akakaa chini taratibu, pale pale kwenye jamvi, juu ya mwani. Nilimweleza lile swali la kaa, alilokuwa akiliuliza Thuweiba kitandani, na hapo ndipo alipolia, kwa utulivu, akijifuta kwa ncha ya kanga. Binti yake akaacha makombe akaja kumwegemea. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Ile siku, Mwalimu Haji alivyoniuliza. Nlikuwa nnalijua."

"Nnajua," nikasema. "Nlikuona."

"Ningesema vipi, Mwalimu, naye yuko safarini?"

Alimwondoa mtoto begani kwake, akainuka, akakung'uta mwani kwenye nguo. Nilidhani anakwenda ndani kulishusha bakuli. Badala yake alisimama mbele yangu, akanyoosha mgongo, akaweka mikono yake nyuma.

"Mwalimu."

"Naam."

"Kabaki mmoja."

Nikamwambia amepata.